Resini ya PVC: Hatari Iliyopimwa Kiwandani na Kusahauliwa Jalalani

Kabla ya mwaka 2019 ni watu wachache waliolijua jina la Quitunda. Ni kijiji kipya kilichojengwa katika rasi ya Afungi, wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, ili kuwapokea watu walioondolewa Quitupo, Milamba na vitongoji vya jirani kupisha mtambo wa gesi asilia. Wavuvi waliozoea kulala wakisikia mawimbi wakapewa nyumba za matofali mbali na bahari, na malalamiko yao juu ya umbali huo yamesikika tangu siku za mwanzo. Kisha, tarehe 24 Machi 2021, mji wa Palma ukashambuliwa. Maelfu ya watu wakakimbilia Quitunda, na kijiji kilichojengwa kwa ajili ya familia mia kadhaa kikageuka kambi ya wakimbizi wa ndani kwa muda wa siku chache.

Mtu anayekimbia hubeba anachoweza: mtoto, ndoo, dumu la maji, kipande cha turubai. Watoa misaada nao huja na vyao. Majeshi huja na turubai za malori, mabuti ya mvua, nyaya za redio na za jenereta, na chupa za maji zisizo idadi. Karibu vyote hivyo ni plastiki, na karibu vyote haviondoki tena vikishafika. Katika kambi nyingi za dunia hii, ziwe za askari au za wakimbizi, mwisho wake ni shimo na kiberiti.

Yafaa basi kuuliza: hatari za vitu hivyo zilipimwa na nani, lini, na kwa manufaa ya nani? Jibu lake ni historia ya zaidi ya miaka hamsini, na inawahusu askari na polisi kuliko wanavyodhani, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaolinda shimo, na pengine ndio wanaowasha moto.

Plastiki ni nyingi na kila moja ina tabia yake. Resini ni mali ghafi ya plastiki kabla haijapewa umbo. Huwa ni unga mweupe au chembe ndogo kama punje za mchele, ambazo kiwanda huziyeyusha na kuzitia katika kalibu. Ndoo na dumu hutokana na resini moja, chupa ya maji na nyingine. Hapa inazungumzwa ile iitwayo PVC, ambayo imo katika mabomba ya maji, ala za nyaya za umeme, turubai nzito za malori na mabuti ya mvua, yaani katika vitu ambavyo kambi ya jeshi au kituo cha polisi haviwezi kuvikosa. Tena, ni vigumu kupata resini nyingine ambayo historia ya kupimwa kwake imeandikwa kwa uwazi kiasi hicho, hata kwa mikono ya wale waliotaka isijulikane.

PVC huzaliwa kutokana na gesi iitwayo kloridi ya vainili. Mfaransa Henri Victor Regnault aliitengeneza gesi hiyo mwaka 1835, na mwaka 1872 Mjerumani Eugen Baumann aliona kwamba ikiachwa juani ndani ya chupa hugeuka kitu cheupe kigumu. Hakuna aliyejua la kukifanyia. Miaka zaidi ya hamsini ikapita, hadi mwaka 1926, Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani, alipokichemsha pamoja na viowevu vya kulainishia akapata kitu chenye kunyumbuka, kisichopitisha maji wala umeme, na kisichoshika moto upesi. Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyoikuza. Mashamba ya mpira ya Malaya yalikuwa mikononi mwa Wajapani, na manowari zilihitaji nyaya ambazo ala zake hazienezi moto. PVC ikaingia jeshini kwa wingi, na vita vilipokwisha ikahamia majumbani.

Katika miaka ya vita vya Korea iliingia hata katika mishipa ya askari. Carl Walter na William Murphy, Wamarekani wawili, walibuni mfuko wa damu wa plastiki hii mnamo mwaka 1950 ili uchukue nafasi ya chupa ya kioo, ambayo ilivunjika kwa urahisi katika safari za kwenda medani. Majeruhi wengi wameishi kwa sababu ya mfuko ule, na hilo ni haki lisemwe kabla ya kusema mengine.

Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC safi ni klorini. Askari aliyefundishwa historia ya vita anaikumbuka klorini, gesi iliyofunguliwa na jeshi la Wajerumani huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ndani ya bomba au buti, klorini hiyo imefungwa barabara pamoja na kaboni na haimdhuru anayelitumia. Hatari iko mwanzoni, wakati gesi inapogeuzwa kuwa resini, na iko mwishoni, wakati resini inapotiwa moto. Mwanzo umepimwa. Mwisho ndio wenye kisa.

Katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, kampuni ya Goodrich ilikuwa na kiwanda cha kutengeneza resini hii. Gesi ilipikwa kwa shinikizo ndani ya mapipa makubwa ya chuma, na kila baada ya mapishi, mabaki yaliganda ukutani kama ukoko wa ugali sufuriani. Ukoko ule uliondolewa kwa mkono. Mtu aliingia ndani ya pipa na patasi na nyundo, akagonga na kubandua, na kila kipande kilichobanduka kikaachia gesi iliyonaswa ndani yake. Wafanyakazi walijua kwamba gesi ile hulevya. Kiwango kilichokubaliwa wakati ule kilikuwa sehemu 500 za gesi katika kila sehemu milioni za hewa, na waliokiweka walifikiria kizunguzungu na usingizi, wala hawakufikiria saratani.

Onyo la kwanza lilijitokeza vidoleni. Mwaka 1967 madaktari wa kampuni hiyo, John Creech akiwa mmoja wao, waliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani habari za wafanyakazi 31 ambao mifupa ya ncha za vidole vyao ilikuwa ikiliwa na kuyeyuka. Wakwangua mapipa ndio waliopatwa zaidi. Onyo la pili lilitoka Italia. Mwaka 1970, katika mkutano wa kimataifa wa saratani uliofanyika Houston, daktari P.L. Viola alieleza kwamba panya waliovutishwa sehemu 30,000 za gesi hiyo katika milioni walipata saratani. Wenye viwanda wakajibu kwamba kipimo kile ni kikubwa mno, wala hakuna mwanadamu anayevuta hewa ya namna hiyo. Makampuni ya Ulaya yakamgharamia mtaalamu mwingine, Cesare Maltoni wa Bologna, arudie majaribio kwa vipimo vidogo. Kufikia mwaka 1972 Maltoni alikuwa amekuta kwamba hata sehemu 250, yaani nusu ya kile alichoruhusiwa mfanyakazi, zilitosha kuwapa panya saratani ya nadra ya mishipa ya damu ya ini, iitwayo anjiosakoma.

Habari hiyo ilifungiwa kwa mapatano ya siri kati ya makampuni ya Ulaya na ya Marekani. Julai 1973, wawakilishi wa makampuni ya Marekani waliketi meza moja na taasisi ya serikali yao inayochunguza afya ya wafanyakazi, na hawakuyataja matokeo ya Bologna ambayo walikwisha kuyajua. Habari hizi zimo katika majalada ya makampuni yenyewe, yaliyofunguliwa mahakamani miaka mingi baadaye. Yeyote anayedhani kwamba mali na afya ya mtu hupimwa katika mizani moja naayasome majalada hayo.

Kilichoifichua siri ni daftari la kiwanda. Creech alikuwa mganga wa kiwanda kile kile kwa miaka mingi na aliwajua watu wake kwa majina. Baina ya mwaka 1971 na 1973 wafanyakazi watatu walifariki kwa anjiosakoma ya ini. Ugonjwa huo ni adimu kiasi kwamba daktari wa kawaida huweza kustaafu bila kuuona, na yeye aliuona mara tatu katika kiwanda kimoja, miongoni mwa watu waliofanya kazi moja. Januari 1974 kampuni ilitoa taarifa kwa serikali. Lau watu wale wangekuwa vibarua wa kupita, kila mmoja akafia kwao, kila hospitali ingeandika ugonjwa wa ini na kufunga jalada, na mapipa yangeendelea kukwanguliwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Aprili 1974 serikali ya Marekani ilikishusha kiwango kutoka 500 hadi 50 kwa amri ya dharura, na kabla ya mwaka kwisha ikatoa kanuni ya kukishusha hadi sehemu 1 tu, kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1975. Gesi ile ile ilikuwa ikitumika kama kisukumio ndani ya makopo ya marashi ya nywele, na matumizi hayo nayo yakapigwa marufuku. Wenye viwanda walilia kwamba kanuni haitekelezeki, viwanda vitafungwa na watu watakosa kazi. Walishitaki, wakashindwa, kisha wakatekeleza. Mapipa yakafungwa barabara, yakaoshwa kwa mashine badala ya patasi, na gesi iliyokuwa ikivuja ikarudishwa katika kazi. Goodrich yenyewe ikauza ufundi huo kwa viwanda vingine.

Matokeo yake yanajulikana kwa sababu daftari liliendelea. Viwanda viliweka orodha ya kimataifa ya watu waliougua anjiosakoma, na kufikia mwisho wa karne iliyopita majina yalikuwa yamekaribia 200. Karibu wote walianza kazi kabla ya kanuni mpya. Ugonjwa ulichukua kwa kawaida miaka ishirini na zaidi kujitokeza, yaani kijana aliyeingia ndani ya pipa mwaka 1950 alikuja kuugua akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani imeiweka gesi hii katika kundi la kwanza, pamoja na vitu ambavyo vimethibitika kuwatia watu saratani.

Kuhusu resini ikiwa nzima, maneno hayahitaji kuwa mengi. Bomba la PVC lililotengenezwa vizuri ni chombo chema, na vijiji vingi vya Afrika Mashariki vinakunywa maji safi kwa sababu yake. Shida ni vitu vinavyochanganywa nayo. Viwanda vingi vilitumia madini ya risasi ili resini isiungue wakati wa kuyeyushwa, na vile vya Ulaya viliacha kufanya hivyo kwa hiari mwishoni mwa mwaka 2015. Vilainisho navyo havikai mahali pamoja. Mwaka 1970 Jaeger na Rubin wa chuo kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba kilainisho kilichomo katika mfuko wa damu huhamia ndani ya damu na kuingia mwilini mwa mgonjwa. Ajabu ni kwamba kilainisho hicho hicho huzifanya chembe nyekundu za damu zidumu zaidi ndani ya mfuko. Kwa majeruhi anayetokwa na damu uamuzi ni mwepesi; kwa mtoto mchanga anayetiwa damu mara kwa mara si mwepesi hata kidogo. Hivyo ndivyo hatari inavyopimwa na watu waaminifu, yaani kwa kuuliza ni ya nani na badala ya nini.

Bahari nayo ina kesi zake, ingawa hizo zinahusu resini za aina nyingine. Oktoba 2017, dhoruba katika bandari ya Durban iliangusha makontena ya meli MSC Susanna, na tani 49 za chembe za polithini zikasambaa katika fukwe za Afrika Kusini. Mwaka 2021 meli X-Press Pearl iliungua mbele ya Colombo na kumwaga tani zipatazo 1,680 za chembe hizo, ambazo samaki na ndege huzimeza wakidhani ni mayai ya samaki. Mkondo mkubwa wa maji unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hufika Afrika karibu na Cabo Delgado, kisha hugawanyika. Tawi moja hupanda kuelekea Mtwara, Mafia na Zanzibar, na jingine hushuka katika mlango-bahari wa Msumbiji. Kwa jiografia hiyo, mvuvi wa Palma ni mpokeaji wa taka ambazo hakuzitupa yeye.

Sasa moto. PVC ikiungua, klorini yake hutoka hasa kama mvuke wa asidi ya hidrokloriki, ambao huchoma macho, koo na mapafu. Huo humwonya mtu, naye hukimbia. Kisichomwonya ni dayoksini. Sumu hii hutengenezeka pale vitu vyenye klorini vinapoungua kwa moto hafifu, moto wa kufuka usiku kucha kama ule wa jalala, na shaba huongeza kasi ya kutengenezeka kwake. Kwa hiyo mtu anayechoma nyaya ili apate shaba anawasha moto mbaya kuliko yote. Polisi wanawajua watu hao. Nyaya za umeme zinazoibwa huchomwa vichakani kabla shaba haijafikishwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na askari anayekwenda kukamata hukuta majivu yanafuka bado. Anachokusanya pale kama kielelezo anakikusanya kwa mikono yake.

Dayoksini hukaa katika mafuta ya mwili, na kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani huchukua miaka saba hadi kumi na mmoja kwa nusu yake kuondoka. Hupitia katika maziwa, nyama na mayai, kwani kuku wanaodonoa majivu huibeba hadi mezani. Mwaka 2005 ilichapishwa taarifa ya mayai yaliyochukuliwa karibu na jalala la Dandora, Nairobi, ambalo huungua siku nenda siku rudi, na dayoksini iliyokutwa ndani yake ilizidi kiwango kinachoruhusiwa Ulaya. Sumu ya jamii hiyo ndiyo iliyokuwa imechanganyika katika dawa ya kuua mimea ambayo jeshi la Marekani liliinyunyiza Vietnam katika miaka ya sitini. Cabo Delgado yenyewe si ngeni wa vita vya namna hiyo. Mwaka 1972 FRELIMO iliwashitaki Wareno mbele ya dunia kwa kunyunyiza dawa za kuua mimea juu ya mashamba ya maeneo yaliyokombolewa.

Msumbiji pia ni nchi ambayo wananchi wake waliwahi kudai upimaji kabla ya moto. Mwaka 1998 wakazi wa Matola, jirani na Maputo, walisikia kwamba dawa za kilimo zilizopitwa na wakati zitachomwa ndani ya kiwanda cha saruji cha mji wao, kwa msaada wa Denmark. Wakaunda chama chao, Livaningo, wakauliza maswali yaliyo sahihi: moshi utakwenda wapi, nani ameupima, na mbona nchi inayotoa msaada haichomi sumu za namna hiyo kwa njia hiyo kwake? Walidai uchunguzi huru. Mabishano yalichukua miaka, na mwishowe sumu ile ilipelekwa Ulaya ikateketezwe huko. Serikali haikuanguka kwa kuulizwa maswali, na hewa ya Matola ilisalimika na moshi huo.

Kisa cha karibuni zaidi kinawahusu waziwazi wale wanaotoa amri. Tarehe 3 Februari 2023, gari moshi lilipinduka East Palestine, katika jimbo la Ohio, likiwa na matangi matano ya kloridi ya vainili. Siku tatu baadaye, kwa hofu kwamba matangi yangelipuka, yalitobolewa kwa makusudi na gesi ikachomwa, na wingu jeusi likafunika mji. Mwaka 2024 bodi ya uchunguzi wa ajali za usafiri ilitamka kwamba moto ule haukuwa wa lazima. Watengenezaji wa gesi walikuwa na maoni kwamba matangi hayakuwa katika hatari ya kulipuka kwa namna iliyohofiwa, lakini maoni yao hayakufikishwa kwa wakubwa waliotakiwa kuamua kwa haraka. Kila afisa aliyewahi kupewa dakika chache aseme ndiyo au hapana ataelewa jinsi jambo hilo lilivyotokea.

Jeshi lenyewe limekwisha kulipa gharama ya moshi. Katika kambi za Marekani huko Iraki na Afghanistan, ile ya Balad ikiwa mashuhuri kuliko zote, taka zilichomwa kwa miaka katika mashimo ya wazi: plastiki, nyaya, rangi, dawa, matairi. Askari waliporudi makwao wakiwa na vifua vibovu na saratani, waliambiwa wathibitishe kwamba ugonjwa umetokana na moshi. Wangethibitisha vipi? Hakukuwa na orodha ya kuaminika ya nani alisimama wapi, siku gani, upepo ukivuma kutoka wapi, na shimoni kumetiwa nini. Zoezi la kutafuta ushahidi liliendelea hadi tarehe 10 Agosti 2022, iliposainiwa sheria inayowaondolea mzigo huo: aliyehudumu mahali fulani katika miaka fulani, akaugua ugonjwa uliotajwa, anahesabiwa kuwa aliupata kazini. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Hapa ndipo Louisville na Balad zinapotofautiana. Watu watatu walitosha kubadilisha sheria pale palipokuwa na mganga mmoja, kiwanda kimoja na orodha ya majina. Pale ambapo orodha haikuwapo, maelfu hawakutosha kwa karibu miaka ishirini.

Wanajeshi wa Tanzania walikuwa miongoni mwa vikosi vya nchi za kusini mwa Afrika vilivyokwenda Cabo Delgado mwaka 2021, na ujumbe huo ulimaliza kazi yake Julai 2024. Wanajeshi wa Rwanda walifika mwaka 2021 pia na kuweka vituo Palma. Tanzania na Msumbiji zote mbili zimejiunga na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaozitaka nchi zipunguze dayoksini na unaotaja uchomaji wa taka hadharani kuwa mojawapo ya vyanzo vyake. Lakini mkataba hauoni shimo lililo nyuma ya jiko la kombania. Anayeliona ni askari wa zamu, na sajini anayempa amri.

Amri hiyo inaweza kubadilishwa bila fedha za kigeni. Lori lililoleta maji ya chupa kambini mara nyingi hurudi likiwa tupu. Nyaya, mabomba, turubai zilizochanika na mabuti yaliyokwisha vinaweza kutengwa na taka nyingine na kurudishwa nalo hadi penye ghala, kuliko kutiwa shimoni pamoja na makaratasi na mabaki ya chakula. Shimo lenyewe likae upande ambao upepo hauleti moshi kwenye mahema, visima na mabanda ya kuku ya raia. Katika mwambao huu hilo halichaguliwi mara moja tu, maana kusi na kaskazi hubadilishana, na mahali palipokuwa salama Julai huenda pasiwe salama Januari.

Tena kuna daftari. Jeshi lina daftari la zamu, na polisi wana kitabu cha matukio ambamo hata kuku aliyepotea huandikwa. Katika kurasa hizo hizo inatosha mistari michache: tarehe, kilichochomwa, mwelekeo wa upepo, saa moto ulipowashwa na ulipozimika, na majina ya waliokuwapo. Mganga wa kikosi akihamishwa, nakala ibaki kikosini na nyingine iende makao makuu, kwa kuwa ugonjwa wa namna hii huja wakati askari amekwisha kuvua sare, kambi imevunjwa, na kamanda wake yuko shambani kwake.

Novemba 2025 kampuni ya TotalEnergies ilitangaza kuondoa hali ya dharura iliyokuwa imesimamisha kazi Afungi tangu Aprili 2021. Ujenzi ukirejea, nyaya, mabomba na turubai zitapita tena kwa wingi kandokando ya Quitunda, na pamoja nazo walinzi, malori na mashimo mapya.